Popo wa Paa Moja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema hilo mapema, hapa mwanzoni kabisa, kwa sababu mama Loth amekaa barazani anachambua maharage, na nisipolisema mimi atalisema yeye, tena kwa maneno yasiyofaa kuandikwa.

Mimi ni fundi wa mapaa. Naitwa Tumainieli, na ukipita huku Vudee ukaona bati limenyooka kama shati la mzee wa kanisa, uliza, utaambiwa ni mkono wangu. Ufundi huu sikuusomea darasani, nilifundishwa na kuanguka. Paa la kwanza nilianguka nikavunja mkono. La pili nikavunja urafiki, maana niliangukia mbuzi wa rafiki yangu. La tatu sikuanguka, ila mwenzangu niliyeshirikiana naye kazi alitangulia kushuka, akatokomea na ngazi pamoja na vifaa vyote, nikashinda juu nikipiga kelele kama jogoo aliyepotelewa na saa. Tangu hapo najua mambo mawili: mtu acheke kwanza, halafu aifunge ngazi yake kwa kamba.

Mke wangu Yudith, huyo mama Loth, kwao ni Kighare, Ugweno. Mimi ni Mpare wa kusini, wa Same, kwetu tunasema Chasu. Tumekuwa na ubishi mmoja tangu Loth hajazaliwa, na sasa Loth ana ndevu na ofisi Mwanga. Mimi nasema Mgweno ni Mpare aliyepotea njia, akakaa karibu mno na Wachaga, akajifunza mtori wa ndizi akasahau makande. Yeye anasema Mgweno ni Mgweno, Mpare ni Mpare, na asiyeona tofauti akapimwe macho.

"Hebu angalia pua," nilikuwa nikimwambia. "Angalia rangi. Angalia hata tunavyopuliza uji. Mgeni akitukuta tumesimama stendi ya Mwanga mimi na wewe, ataweza kusema nani ni nani?"

"Asubiri nifungue mdomo," hujibu. "Nikisema sentensi moja ya Kigweno, wewe mwenyewe mume wangu unabaki umekodoa macho kama mbuzi aliyesikia redio."

Ndivyo tunavyoishi. Nyumba yetu ni ya utani toka asubuhi mpaka taa inapozimwa. Mwaka mmoja aliniambia askofu atapita kwetu kunywa chai. Nikavaa suti, nikafagia hadi nyuma ya choo, nikachinja jogoo. Aliyekuja ni bwana mifugo, amekuja kuchanja kuku, akakuta wamepungua mmoja. Nami nikalipiza: nikamwambia mama yake yuko njiani anatoka Kighare, akapika mtori wa kulisha kwaya nzima. Mama mkwe hakuja, bila shaka, na adhabu ikanirudia, kwa kuwa mtori wenyewe nilipangiwa mimi asubuhi, mchana na jioni mpaka sufuria ikaona sakafu yake. Sasa fikiria: katika nyumba kama hiyo, onyo la kweli na onyo la uongo huvaa nguo moja.

Onyo lenyewe lilikuja kwa simu ya Jenifer.

Jenifer ni mtoto wa marehemu dada yake mama Loth. Tulimchukua bado hajang'oka meno ya utoto, na hayo meno nimeyarusha mimi mwenyewe juu ya paa hili hili, moja baada ya jingine, naye akiniuliza kila mara kama popo hawatayala. Maana paa letu lilikuwa na popo tangu nilipoliezeka. Popo wadogo, mtu anaweza kumficha mmoja ndani ya kibweta cha miwani. Jioni mtoto yule alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa akiwaangalia wakitoka, na siku moja akanijia mbio.

"Bamdogo, wapo wa aina mbili! Wapo wenye haraka na wapo wavivu."

"Wote popo, mwanangu," nikamwambia. "Nenda kanawe miguu."

Akanawa miguu, lakini popo hawakumtoka. Akasoma, akaenda chuo Morogoro, akatoka hapo akaenda Ujerumani kusomea nini? Popo. Jirani yetu mzee Sadock alipoambiwa aliuliza kama Wajerumani hawana ng'ombe.

Basi nikiwa nanoa randa yangu, mama Loth akanijia na simu mkononi.

"Baba Loth, Jenifer anakuja wiki hii. Amesema usiguse paa."

"Kwa nini?"

"Anawataka wale popo. Anasema akionyesha kwamba humu kuna aina mbili, wakubwa wake wataileta kazi yake huku Upareni, atakaa nyumbani miaka. Asipoonyesha, watampa kazi hukohuko kwenye baridi, na huko ndiko atakakobaki."

Niliweka randa chini nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mtoto ameruka bahari, ameona theluji, amekula mikate ya kila namna, aje kufuata popo wa bamdogo wake! Nikasema moyoni, Yudith huyu, ananirudishia mtori wake.

"Sawa," nikamwambia. "Na askofu naye anakuja?"

Alinitazama tu. Sasa najua lile jicho lilikuwa la mtu asemaye kweli, lakini wakati ule nililihesabia ufundi wa kuigiza.

Kumbe mimi nilikuwa na mpango wangu. Chumba cha Jenifer kilikuwa na dari bovu la mbao, na ukilala mle ulinusa popo hadi ndotoni. Nilitaka binti yetu akija alale mahali panaponuka rangi mpya. Mama Loth alipokwenda Same sokoni, na baadaye kwenye kikao cha akina mama, nilikuwa na siku nzima peke yangu, na siku nzima ya fundi ni kitu cha hatari.

Nieleweke vizuri: sikutaka kuua kiumbe. Mchana nilipanda darini na tochi, nikawakagua. Vitoto havikuwepo. Walikuwepo wakubwa tu, wamening'inia kwenye papi, zile mbao zinazoshika bati, rangi moja, ukubwa mmoja, harufu moja. Nikafunga dari jipya la jipsamu, jeupe, kingo zimelala kama zimepigwa pasi. Halafu jioni nikasimama uani nikingojea watoke wenyewe. Wakatoka kwenye upenyo ulio kati ya bati na ubao wa pembeni, mmoja mmoja, kisha kama moshi, wote wakashuka bondeni kuelekea ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, ambako mbu na wadudu ni chakula kisichoisha. Nikangoja mpaka hatoki mtu. Nikawaambia kwaherini, nikapanda ngazi, nikaziba upenyo kwa wavu wa chuma, nikapigilia na ubao juu yake. Misumari ile niliipiga kwa mapenzi.

Usiku nikasikia vikwaruzo juu ya chumba cha Jenifer.

"Nini hicho?" mama Loth akauliza. Alikuwa amerudi amechoka, hajaingia chumbani humo.

"Jipsamu inatulia," nikasema. "Ikiwa mpya husema kidogo."

Kesho yake alasiri Jenifer akapanda mlima kwa bodaboda kutoka Same, begi mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ameongezeka urefu, au labda mimi ndiye ninayepungua.

"Shikamoo bamdogo."

"Marahaba mwanangu. Ujerumani wamekupa nini cha kula, mbona unafanana na mkia wa ufagio?"

"Wamenipa viazi. Bamdogo, wapo?"

"Nani?"

"Popo."

Nilianza kucheka. Nikamgeukia mama Loth ili tucheke wote, kama watu wawili waliofumaniana katika mzaha. Mama Loth hakucheka. Jenifer naye hakucheka. Nikabaki nacheka peke yangu, na kicheko cha mtu mmoja kina upweke sana.

"Mama Loth," nikasema polepole, "lile jambo la paa... lilikuwa kweli?"

"Baba Loth, umefanya nini?"

Nikawapeleka chumbani. Dari likang'aa juu yetu, jeupe kama kanzu ya ubatizo. Hakuna aliyelisifu. Jenifer akakaa ukingoni mwa kitanda, begi bado mgongoni.

"Umeziba, bamdogo?"

"Nimeziba. Lakini walitoka wote kwanza! Niliwangoja, naapa. Nilitaka ulale vizuri."

"Nilikwambia!" mama Loth akasema. "Nilikwambia kwa mdomo huu!"

"Ndiyo, kwa mdomo huohuo ulioniletea askofu!"

Nilishinda, lakini ushindi ule haukuwa na utamu wowote. Jenifer alikuwa akilitazama dari kwa macho ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepona.

"Si kitu, bamdogo," akasema. "Dari zuri."

Kwa mtoto niliyemlea kwa utani, neno la adabu kama lile lilinichoma kuliko tusi.

Mzee Sadock alikuwa amesikia sauti zikipanda, akaja na fimbo yake. Sisi Wapare tunasifiwa kwa kupenda kesi, watani zetu husema tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na mzee Sadock hufanya bidii sifa hiyo isipotee.

"Kuna kesi hapa?" akauliza mlangoni.

"Hakuna kesi, mzee."

"Basi nikae. Huenda ikatokea."

Akaletewa kigoda uani. Mama Loth akaingia jikoni kwake, lile jiko la nje lenye paa la bati kuukuu, akaanza kuchochea makande. Hakusema kitu tena. Nilidhani amekasirika. Jenifer akatoa kidude cha ukubwa wa kiberiti, akakichomeka kwenye simu yake.

"Kinafanya nini hicho?" mzee Sadock akauliza.

"Kinasikia sauti ya popo, babu. Wanapiga kelele wakiruka, ila masikio yetu hayazifikii. Mwangwi ukirudi, wanajua mti uko wapi na mdudu yuko wapi."

"Wanapiga kelele juu ya nyumba hii miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Na mimi nikidhani ni Yudith na mumewe."

Jenifer akacheka kidogo, nikapumua. Nikaona nimchokoze aendelee kuongea, maana mtu anayeongea halii.

"Haya, hao wa Ujerumani walikufundisha nini? Nao wako wawili kama wa kwetu?"

"Ndio hao niliowasomea," akasema, akavuta kinu chake cha zamani, akakipindua, akakalia. "Kule kuna popo mdogo sana, anakaa kwenye mapaa ya watu kama huyu wetu. Kuliko popo wote wa Ulaya, huyo ndiye wanayemwona kila siku. Wataalamu walimtazama, wakampima, wakamkausha wakamweka kwenye droo, wakampa jina moja. Zaidi ya karne mbili ni popo mmoja. Mpaka miaka ya tisini watu wakaanza kuwasikiliza vizuri na mashine. Wakakuta wengine sauti yao iko kwenye kilohezi arobaini na tano, na wengine iko juu zaidi, kwenye hamsini na tano."

"Kama redio," nikasema. "Huyu Redio ya Kanisa, huyu Redio ya Mpira."

"Hivyohivyo, bamdogo. Na ukiwa stesheni moja huisikii nyingine. Wakachunguza damu, wakakuta ni koo mbili zilizoachana zamani sana. Ndipo wakaanza kuona hata yale waliyokuwa hawayaoni. Wa arobaini na tano uso wake ni mweusi, kama amevaa barakoa ya masizi. Wa hamsini na tano uso wake una wekundu, na kati ya matundu ya pua ana kijituta kidogo. Huyo wa sauti nyembamba anapenda maji, mito na mabwawa. Mwenzake anakula popote, bustanini, kwenye taa za barabarani, hana makuu."

"Huyo asiye na makuu ni Mpare," nikasema. "Na huyo mwenye kijituta puani namjua, yuko jikoni."

Kijiko kikagongwa kwenye ukingo wa sufuria, mara moja tu, kwa nguvu.

"Wanaoana?" mzee Sadock akauliza.

"Kwa kawaida hapana, babu. Majike wanasikia tofauti ya wimbo."

"Basi Yudith hakusikiliza vizuri," mzee akahitimisha, akajikohoza kwa kuridhika.

Jua likaingia nyuma ya mlima, tambarare ya Same ikageuka ya buluu kule chini. Jenifer akaelekeza kidude kwenye ule ubao wangu. Sote tukautazama. Hakikutoka kitu. Ubao ulikaa kimya, umenyooka, umefungwa na fundi. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama nilivyoichukia jioni ile. Nikaona mkono wa Jenifer ulioshika simu ukianza kushuka.

Ghafla simu ikatoa mlio, tak-tak-tak, kama mvua ya kwanza juu ya bati.

"Arobaini na moja!" Jenifer akasimama. "Arobaini na mbili... Bamdogo, wako hapa! Wanatoka wapi?"

Tukageuka. Nyuma yetu, chini ya bati kuukuu la jiko la mama Loth, popo walikuwa wanatoka mmoja mmoja katikati ya moshi wa makande, kisha kama wingu, wakatupita vichwani wakashuka bondeni kuelekea ndiva. Mzee Sadock akavua kofia, sijui kwa heshima au kwa kuhofia kofia.

Mama Loth alikuwa bado anakoroga.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nimewasha moto alfajiri, nikawaona wanagonga ubao wako wakitafuta mlango. Walizunguka hata nikawaonea huruma. Halafu wakaja kwangu."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie ili uje na ngazi uzibe na kwangu? Nilinyamaza, nikakuuliza umefanya nini kana kwamba sijui, hata mbele ya Jenifer, maana sikujua kama watakubali kulala na moshi mpaka jioni. Sikutaka kumpa tumaini halafu limtoroke." Akaonja makande. "Hizo mboga zangu mnazozisifu mnadhani zinakula nini? Kinyesi cha wale popo ndicho mbolea yangu."

Jenifer alikuwa amemkumbatia kutoka nyuma, kijiko na yote. Nami nikaona mlango wa kujinasua umefunguka.

"Si unaona, mwanangu? Popo wako salama, dari unalo. Mambo yamekwisha."

"Hayajaisha, bamdogo," akasema, akaangalia simu yake. "Hii ni sauti moja. Wote hawa ni wa arobaini na kitu. Nikipeleka hii watasema, sawa, una popo wa aina moja, kama kila mtu. Wavivu wako wapi?"

"Wavivu gani?"

"Wale wanaochelewa. Nilikwambia nikiwa mdogo. Wanangoja mpaka giza liingie kabisa."

Niliukumbuka usiku uliopita, na jipsamu iliyokuwa inatulia.

Tukaingia chumbani, sote wanne, tukasimama chini ya dari tumenyamaza. Juu yetu kukakwaruza. Kukanyamaza. Kukakwaruza tena, mahali pengi kwa pamoja.

"Bamdogo," Jenifer akasema kwa sauti ya chini, "umefungia watu ndani."

Niliwangoja wenye haraka watoke, nikadhani ndio wote. Niliposhuka kwenye ngazi nikijipongeza, wavivu walikuwa bado wanajinyoosha.

Sasa tazama hukumu ya fundi bora. Nilitoka nje na nyundo kuung'oa ule ubao, ukakataa. Misumari niliyoipiga kwa mapenzi ilikuwa imeoa. Ikabidi nipande ndani, kwenye kidirisha cha dari, nitambae juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, mpaka pembeni, niusukume wavu kutokea huko. Jenifer akabaki uani na kidude chake. Mama Loth akasimama chumbani akinimulikia kupitia kile kidirisha.

Kutambaa juu ya kenchi ni kama maisha, ukikanyaga mbao unapita, ukikanyaga pembeni unajulikana. Nilikuwa nimebakiza kidogo kufika popo mmoja alipopita karibu na sikio langu, nikakwepa, mguu ukatoka kwenye mbao, ukapita kwenye jipsamu yangu nyeupe hadi pajani, ukaning'inia juu ya kitanda kipya cha Jenifer.

Kisha sauti ya mke wangu ikatoka chini.

"Mguu huu ni wa Mpare au wa Mgweno?"

"Ni wa mtu anayeumia!"

"Maana hapa nilipo sioni tofauti."

"Yudith!"

"Tulia, baba Loth, tulia. Usiuvute, utajikata." Nikasikia amepanda kitandani. Akanivua kiatu, akakishika kisigino changu kwa mikono miwili, akakiegemeza begani kwake ili uzito usinielemee. "Haya. Sukuma huo wavu wako. Nimekushika."

Nikasukuma. Nikiwa nusu darini na nusu begani kwa mke wangu, nikapiga nyundo mara nyingi, wavu ukalegea, ubao ukalia, ukaanguka nje kwa kishindo, nikamsikia mzee Sadock akimtaja Bwana. Upepo wa baridi ukaingia. Halafu wavivu wakatoka. Walipita juu ya shingo yangu na pembeni ya masikio yangu, wala hakuna aliyenigusa. Niliufumba mdomo, nisije nikaongeza kesi nyingine.

Kutoka uani Jenifer akapiga kelele ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipong'oka jino la mwisho.

"Hamsini na sita! Bamdogo! Hamsini na saba! Na hawaendi kwenye ndiva, wanapanda juu kwenye mibuni! Wawili! Ni wawili!"

"Ni mamia!" nikajibu kutoka darini.

"Aina mbili, bamdogo!"

Nilitaka kushangilia, lakini mguu mmoja ulikuwa chumba kingine.

Sauti peke yake haikutosha. Jioni zilizofuata Jenifer aliwanasa wachache kwa wavu mwembamba kama utando wa buibui, akawashika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika yai bovu, akatuonyesha. Nilivaa miwani nikaona. Wa ndiva uso wake mweusi, sikio la duara. Wa mibuni uso wake wa kahawia, sikio limechongoka. Walikuwa juu ya kichwa changu miaka yote, nami ni mtu ninayejisifu kuona bati lililopinda kwa upana wa unywele. Kila mmoja alipimwa, akaachiliwa, akaenda zake kwenye stesheni yake. Sauti na picha zikapelekwa Ujerumani. Ule upenyo niliuacha wazi, nikautengenezea na ukingo ili mvua isiingie, na tundu la mguu darini likabaki vilevile, maana kila nikitaka kuliziba mama Loth ananiambia ni kumbukumbu.

Jibu likaja tukiwa tunakula, Jumapili baada ya ibada, mzee Sadock naye yupo kwa sababu kulikuwa na makande. Simu ya Jenifer ikalia, akasoma huku midomo inatembea. Mama Loth akaweka kijiko chini. Mimi nikasahau kumeza.

"Wamekubali," akasema. "Kazi inakuja huku. Same, milima yote hii, kusini na kaskazini, hadi Ugweno. Tunaanza na paa hili." Halafu akalia, na huku analia akaendelea kula, maana ndivyo tulivyomlea.

Mama Loth akapiga vigelegele hadi kuku wakatoka uvunguni. Mzee Sadock akauliza kama hiyo ndiyo hukumu au kuna rufaa. Nami, nilipoona furaha imejaa nyumbani, nikaona ni wakati mzuri wa kuchota yangu.

"Basi na mimi nisifiwe kidogo," nikasema. "Nani aliyewatenganisha? Nisingeziba, wangetoka tundu moja, sauti zimechanganyika, Jenifer angejua nani kaimba nini?"

"Kwa kweli bamdogo amesaidia," Jenifer akasema huku akifuta macho, mtoto mwema yule.

"Umesikia, mama Loth? Tena nimeshinda na ile kesi yetu ya zamani. Hawa popo wamekaa paa moja, wamening'inia papi moja, wamechafua dari moja, miaka yote hiyo kwa amani, wala hawakujua kama wao ni wawili. Walijiona kitu kimoja, kama Mpare na Mgweno. Mpaka kilipokuja kidude."

"Hoja nzito," mzee Sadock akasema, akigeukia upande wa mshtakiwa.

Mama Loth akanyanyua sufuria, akaniongezea makande kwenye sahani, tele, na nyama akaiweka juu.

"Popo walijua, baba Loth," akasema. "Asiyejua alikuwa mwenye nyumba."